Urithi wa wakulima wa Le Chambon



Desemba mwaka 2020 mzee mmoja alifariki dunia nchini Ufaransa akiwa na umri wa miaka 90. Jina lake Erich Schwam. Alisomea ufamasia, akaishi miaka mingi mjini Lyon, mtu mkimya asiye na makuu, na hakujaliwa mtoto. Wosia wake uliposomwa, ilionekana ameacha mali inayokadiriwa kufikia euro milioni 2. Mrithi hakuwa mpwa wala binamu. Alikiandikia kijiji, tena kijiji ambacho hakuzaliwa na ambako hakuwa na ukoo wala kaburi la babu.

Kijiji hicho kinaitwa Le Chambon-sur-Lignon. Schwam, Myahudi mzaliwa wa Vienna, alifika huko mwaka 1943 akiwa mtoto, pamoja na watu wa familia yake, wakiwakimbia waliotaka kuwaua. Wakulima wa kule wakawapokea na kuwaficha. Mtoto yule akaishi, akasoma, akazeeka.

Sisi tunalijua vizuri neno urithi. Tunalisikia kwenye vikao vya ukoo baada ya matanga, na mara nyingi tunalisikia mahakamani. Shamba, nyumba, hati, ng'ombe. Leo nakuomba tuliangalie neno hilo kwa upande wa wakulima wale. Kabla ya kurithishwa euro za mzee Schwam, wao wenyewe walikuwa wamerithi kitu kutoka kwa babu zao, kitu kisichoandikwa kwenye hati yoyote, na hicho ndicho kilichookoa watoto.

Le Chambon iko kwenye uwanda wa juu kusini-kati mwa Ufaransa, katika wilaya ya Haute-Loire, karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mto Lignon unapita pembeni. Usidhani ni ile Ufaransa ya picha za kalenda, ya zabibu na jua. Ni nchi ya misonobari, mawe na malisho. Wakati wa baridi kuna upepo wa kaskazini ambao wenyeji wanauita burle. Unaikusanya theluji na kuirundika barabarani mpaka nyumba inakatika na jirani yake kwa siku kadhaa. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe mazito, kuta nene, madirisha madogo, na mapaa ya vipande vya mawe. Kwa desturi zizi la ng'ombe, ghala la nyasi kavu na chumba cha watu vilikuwa chini ya paa moja. Walilima viazi na nafaka kidogo, wakafuga ng'ombe wachache, wakauza maziwa. Mashamba yalitawanyika mbalimbali, nyumba moja hapa, nyingine ng'ambo ya msitu. Watu wa huko wanasifika kwa maneno machache. Mgeni huweza kudhani wamekasirika.

Sasa sikia habari za imani yao. Ufaransa ni nchi ya Wakatoliki wengi, lakini uwanda ule wa Le Chambon una Waprotestanti tangu karne ya 16, wale walioitwa Wahugenoti. Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne aliwapa ruhusa ya kuabudu kwa amri ya Nantes. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa Kumi na Nne akaifuta amri hiyo. Makanisa yakabomolewa. Wachungaji wakapewa siku 15 waondoke nchini au waikane imani yao. Waumini wa kawaida walikatazwa hata kukimbia. Mwanamume aliyekamatwa akitoroka alipelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme, na mwanamke alifungwa gerezani. Kwa miaka zaidi ya 100 watu hao waliabudu porini, kwenye mabonde na misitu, watoto wakiwekwa kilimani kuwatazamia askari. Kipindi hicho wenyewe walikiita Jangwa, kwa kuwakumbuka Waisraeli.

Eneo la Vivarais, jirani kabisa na uwanda huo, ndiko alikotoka Marie Durand. Alifungwa mwaka 1730 akiwa msichana, kwenye mnara wa Constance katika mji wa Aigues-Mortes, akatoka mwaka 1768. Miaka 38, mpendwa. Angetamka neno moja tu la kuikana imani yake, angefunguliwa mlango. Kwenye jiwe la mnara ule limechongwa neno la Kifaransa lenye maana ya kusimama imara bila kukubali, na wengi wanaamini ni mkono wake uliolichonga. Uhuru wa kisheria ulianza kurudi mwaka 1787, miaka michache tu kabla ya mapinduzi ya Ufaransa.

Basi katika nyumba zile za mawe, jioni za baridi, wazee walisoma Biblia mezani na kuwasimulia wajukuu: hapa ndipo babu yetu alipojificha, pale msituni ndipo walipoimba zaburi, njia ile ndiyo waliyopita wachungaji usiku. Kumbukumbu ya kuwa mkimbizi ilikaa katika familia kama jembe linavyokaa, likipita mkono kwa mkono.

Kuna jambo la pili walilorithi, na hili halina damu wala mashujaa. Mwaka 1893 mchungaji Louis Comte wa mji wa Saint-Étienne, mji wa migodi ya makaa na viwanda, alianzisha utaratibu wa kuwapeleka watoto maskini wa mjini milimani wapate hewa safi na maziwa. Wakulima wa uwanda wakawapokea majumbani mwao kila kiangazi, kwa malipo madogo. Reli nyembamba iliwaleta, na vituo vya kulaza wageni vikaongezeka. Kwa hiyo vita ilipokuja, ilikuwa imepita karibu nusu karne ambapo kumwona mtoto mgeni, asiyejulikana, akikaa mezani kwa mkulima na kuchunga mbuzi wake ni jambo la kila mwaka. Nadhani sisi watu wa kanisa tunapenda mno kuhubiri habari za mnara wa Constance na kuupita upesi utaratibu huu wa maziwa. Mnara uliwapa moyo. Lakini kitanda cha ziada kilikuwapo kwa sababu ya maziwa.

Juni 22, 1940 Ufaransa ilitia saini ya kusimamisha vita baada ya kushindwa na Ujerumani ya Hitler. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Katika kanisa la Le Chambon, ambalo juu ya mlango wake pameandikwa amri ya Bwana ya kupendana, mchungaji André Trocmé na mwenzake Édouard Theis waliwaambia waumini kwamba Mkristo ana wajibu wa kukataa anaposhurutishwa kutenda kinyume cha dhamiri yake, na kwamba atakataa kwa silaha za kiroho, bila chuki na bila woga. Trocmé alikuwa amefika kijijini mwaka 1934. Hakuamini vita wala bunduki, na kwa sababu hiyo wakubwa wa kanisa lake walimwona ni mtu wa kuleta taabu. Nafikiri ndiyo maana alipelekwa parokia ya milimani, mbali na miji mikubwa.

Ujumbe wa mimbarini ulifikaje kwenye mashamba yaliyotawanyika namna ile? Hapa msikilize vizuri wewe mzee wa jumuiya. Trocmé alikuwa na viongozi 13 wa vikundi vya kujifunza Biblia. Alikutana nao kila baada ya wiki mbili, wakalisoma fungu pamoja na kulijadili, kisha kila mmoja akaenda kwenye kitongoji chake na kukaa na majirani jikoni. Vikundi vile vile vya Biblia ndivyo vilivyogeuka kuwa njia ya kupitisha habari: nani ana nafasi ya kulala, nani amefika kwa treni ya mchana, barabara ipi ina polisi. Hawakuunda chama cha siri. Walikuwa nacho tayari, kilikuwa jumuiya.

Majira ya baridi ya kwanza baada ya Ufaransa kushindwa, mwanamke mmoja Myahudi kutoka Ujerumani aligonga mlango wa nyumba ya mchungaji. Theluji ilikuwa imemfunika. Aliyefungua ni Magda, mke wa mchungaji, mwanamke mzaliwa wa Italia, mwepesi wa kutenda na asiyependa kuitwa mtakatifu. Akamkaribisha ndani, akamlisha. Kisha akaenda kwa kiongozi wa kijiji kumwombea karatasi. Akakataliwa, akaambiwa mtu huyo aondoke. Naliweka jambo hili wazi kwa sababu tunapozisimulia habari kama hizi tunazipaka sukari, kana kwamba kijiji kizima kilikuwa malaika. Mlango wa kwanza ulifunguka, wa pili ukafungwa siku hiyo hiyo.

Wakaendelea kuja. Serikali ya Vichy, iliyokuwa ikishirikiana na Wajerumani, ilikuwa imetunga sheria za kuwabagua Wayahudi tangu Oktoba 1940, na mwaka 1942 ikaanza kuwakamata kwa maelfu, wazee na watoto wachanga, na kuwakabidhi wapelekwe kwenye kambi za mauti. Wayahudi wapatao 76,000 walisafirishwa kutoka Ufaransa, na waliorudi walikuwa wachache sana. Mashirika ya Kikristo na ya misaada yakawa yanawatoa watoto kambini na kuwaleta Le Chambon. Nyumba za watoto zikafunguliwa, nyingine kwa fedha za Waswisi na Wakweka. Waliobaki wakasambazwa mashambani. Inasimuliwa kuwa katika barua walitumia lugha ya mafumbo: mtu akiandika kwamba anatuma Agano la Kale nakala tatu, mpokeaji alielewa kuwa Wayahudi watatu wako njiani.

Mkulima hakuuliza mengi. Alionyesha kitanda, au alionyesha ghala la nyasi. Mtoto alipewa bakuli la supu na kazi ya kufanya, kwa kuwa shambani kila mwenye mikono ana kazi. Kadi za mgawo wa chakula hazikutosha, na chakula kilikuwa kidogo kwa wenyewe. Kijana mmoja Myahudi, Oscar Rosowsky, aliyekuwa na umri wa miaka 18 hivi na ndoto ya kusomea udaktari, alikaa kwenye shamba la familia ya Héritier akitengeneza vitambulisho vya bandia kwa ajili ya wakimbizi. Karatasi na mihuri vilifichwa kwenye mizinga ya nyuki. Polisi gani angeingiza mkono humo? Kwa Kifaransa jina la mkulima yule maana yake ni mrithi.

Najua wapo watakaouliza: Je, kughushi hati si uongo? Ni swali zuri, na wachungaji wale liliwasumbua kweli. Walitaka kusema kweli na walitaka watoto waishi, na sheria ilikuwa imewafungia njia ya kupata vyote viwili. Fungua Kutoka sura ya kwanza usome habari za wakunga wa Misri waliomjibu Farao, kisha Yoshua sura ya pili, habari za Rahabu na mabua ya kitani juu ya dari. Biblia haitufichi kwamba mlango wa Rahabu ulikuwa na uongo ndani yake. Mimi sitamhukumu Rosowsky. Wewe lipime mbele za Mungu.

Agosti 1942 waziri wa vijana wa serikali ya Vichy alitembelea kijiji. Wanafunzi wa shule ya sekondari, iliyoanzishwa na Trocmé na Theis mwaka 1938, walimkabidhi barua mbele ya watu. Walimwandikia kwamba wamesikia yaliyotendeka Paris, kwamba kati yao wapo Wayahudi, na kwamba iwapo wenzao wataamriwa kukamatwa, wao hawatatii na watawaficha. Hebu fikiri, watoto wa sekondari. Majuma machache baadaye polisi walifika na mabasi, wakitaka majina. Trocmé akakataa kuyatoa. Jibu linalokumbukwa kuwa lake ni kwamba hapa kijijini hawajui Myahudi ni nani, wanajua watu tu. Mimbarini alihubiri kutoka Kumbukumbu la Torati sura ya 19, fungu la miji ya makimbilio, ambamo Bwana aliagiza damu isiyo na hatia isimwagwe ndani ya nchi. Polisi walipekua nyumba kwa nyumba kwa siku nyingi. Watu walikuwa wamekwenda msituni, kwenye misitu ile ile ya babu zao. Mabasi yakarudi karibu matupu.

Hata kengele ina kisa chake. Inasimuliwa kuwa mama mtunza kanisa aliamriwa aipige kwa heshima ya kiongozi wa nchi, naye akasimama mlangoni akajibu kwamba kengele ile ni ya Mungu. Mvua ilikuwa inanyesha. Waliotaka kuipiga wakalowa, wakaenda zao.

Februari 1943 Trocmé, Theis na mwalimu mkuu Roger Darcissac walikamatwa. Polisi walipofika jioni nyumbani kwa Trocmé, Magda aliwaambia wakae mezani wale wakati mumewe akifungasha. Baadaye watu walimshangaa. Yeye hakuona ajabu. Ulikuwa wakati wa kula na watu wako ndani. Majirani wakapita mmoja mmoja na zawadi za safari: kopo la samaki, mshumaa, na hata karatasi ya chooni ambayo mtu aliiandikia mistari ya Biblia. Baada ya mwezi mmoja hivi kambini waliambiwa watakuwa huru wakitia saini kuahidi utii kwa serikali. Darcissac, mtumishi wa shule ya umma, alitia saini. Wachungaji wawili wakakataa, wakarudishwa mabandani huku wenzao wakiwaona wajinga. Kesho yake wakaachiwa hata hivyo. Wala hakuna aliyemtenga mwalimu kwa kusaini. Aliendelea na kazi ile ile ya kuokoa watu.

Gharama ilikuwapo. Juni 29, 1943 Gestapo waliingia kwenye bweni la wanafunzi la Maison des Roches. Daniel Trocmé, kijana wa ukoo wa mchungaji aliyekuwa msimamizi, hakuwapo pale usiku ule. Angeweza kutorokea msituni. Akaenda kwa wanafunzi wake. Alikufa Aprili 1944 katika kambi ya Majdanek nchini Poland. Daktari wa kijiji, Roger Le Forestier, ambaye aliwahi kufanya kazi huku Afrika katika hospitali ya Albert Schweitzer pale Lambaréné, Gabon, aliuawa na Wajerumani Agosti 1944 pamoja na wafungwa wengine zaidi ya 100, siku chache kabla mji wa Lyon haujakombolewa. Kila jioni mke wa mkulima aliyefungia mgeni mlango wa ghala alijua kuwa huenda atalipa kwa nyumba na watoto wake.

Waliookolewa walikuwa wangapi? Kwa muda mrefu imetajwa idadi ya 5,000, wengi wao Wayahudi. Wapo wanahistoria wanaoona ni ndogo kuliko hiyo, na ubishi unaendelea. Wakulima hawakuweka daftari, kwa sababu daftari lingeua. Na vita ilipokwisha walirudi kwenye viazi vyao. Miaka mingi ikapita bila mtu kujitangaza. Walipoulizwa na waandishi kwa nini walifanya vile, wengi waliinua mabega tu. Swali lenyewe liliwaudhi kidogo, kama umuulize mama kwa nini alimnyonyesha mwanawe. Waliookolewa ndio waliorudi mwaka 1979 wakaweka bamba la shukrani ukutani mkabala na kanisa. Mwaka 1990 taifa la Israeli, kupitia taasisi ya Yad Vashem, likakitunukia kijiji na vitongoji vyake heshima ambayo kwa kawaida hupewa mtu mmoja mmoja.

Leo Le Chambon ina watu wapatao 2,500. Mashamba yamepungua na vijana wengi wanakwenda mijini, kama ilivyo kwenye vijiji vingi vya Ufaransa. Ile sekondari ya Trocmé na Theis ilifungwa mwaka 2014. Kengele ingali ipo. Mkabala na kanisa pamefunguliwa jumba la kumbukumbu tangu mwaka 2013, na watalii hupita wakati wa kiangazi. Wakati wa baridi, burle inapovuma, hawaji.

Ila kuna nyumba nyingine kijijini ambayo watalii wengi hawaifahamu. Ni kituo cha kupokea waomba hifadhi. Familia kutoka nchi mbalimbali, zikiwamo za bara letu, hukaa humo miezi mingi zikisubiri serikali iamue kama zitabaki au zitarudishwa. Wengine ni Wakristo, wengine ni Waislamu. Wenyeji huwafundisha Kifaransa na huwapeleka kwa gari mjini kwenye usaili wao. Watoto huingia darasani pamoja na watoto wa wakulima. Baadhi ya familia hupata karatasi, na baadhi hukataliwa. Kila barua ya kukataliwa inapofika, watu wa uwanda ule hukaa tena mezani kuulizana watafanya nini.